Mambo ya kuzingatia kabla hujajitolea kujaribiwa dawa mpya ya VVU ukiwa mzima wa afya

Fomu ya ridhaa usiisaini siku ileile uliyopewa. Nenda nayo nyumbani, isome mpaka ukurasa wa mwisho, andika maswali pembeni, kisha urudi. Kituo kinachokuharakisha, achana nacho.

Dawa yenyewe haina kirusi, kwa hiyo haiwezi kukuambukiza. Wala usiihesabu kuwa kinga: katika awamu ya kwanza kinachotafutwa ni kama mwili unaistahimili, kwa kiasi gani, na inakaa muda gani kwenye damu. Isitoshe, huenda ukawa umepewa plasibo, kidonge kisicho na dawa ndani. Kama maisha yako kwa sasa yanakuweka karibu na maambukizi, jaribio hili si lako. Tafuta PrEP, dawa iliyoidhinishwa ya kujikinga na VVU kabla ya kuambukizwa.

Uliza uko kundi la ngapi. Dozi hupandishwa kwa ngazi, na kundi la kawaida ni watu wanane: sita wanapata dawa, wawili plasibo. Kundi la kwanza hupewa kiasi kidogo sana, la mwisho hugusa dari. Makundi ya mwanzo humeza mara moja tu, kisha yanakuja mengine yanayomeza kila siku kwa wiki moja au mbili. Ukiambiwa "kiasi hiki kimeshapita salama", usiitikie kwa kichwa. Uliza kilipita kwa kumezwa mara moja au kila siku, maana hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Waliojitolea Rennes, Ufaransa, Januari 2016, waliligharamia swali hilo. Dawa haikuwa ya VVU. Iliitwa BIA 10-2474. Watu wenye afya walikuwa wameshameza dozi moja ya hadi miligramu 100 bila tatizo kubwa. Miligramu 20 kila siku kwa siku kumi nazo zikapita. Likafuata kundi la miligramu 50 kila siku, watu sita kwenye dawa. Siku ya tano, Jumapili tarehe 10 jioni, mmoja wao akaugua na kupelekwa hospitali. Jumatatu asubuhi wenzake watano wakapewa dozi yao kama kawaida. Yule wa kwanza akazama kwenye koma na kufariki tarehe 17. Kati ya wale watano, wanne walipata matatizo ya ubongo. Ukaguzi wa serikali ulikikosoa kituo kwa kutofuatilia hali ya mgonjwa kabla ya kuwagawia wengine, na kwa kutowaeleza wale wengine rasmi ili waamue upya kama wanaendelea.

Tazama namba zenyewe. Miligramu 100 mara moja, salama. Miligramu 50, nusu yake, kwa siku tano mfululizo, kifo. Dawa inayong'ang'ania mwilini hujilimbikiza, na kituo kinaweza kuvuka mpaka wa hatari pasipo mtu kuuona.

Kwa hiyo dai majibu ya maandishi. Mwenzangu akilazwa usiku, dozi yangu ya asubuhi inasimama yenyewe au inasubiri mtu aamue? Mtu huyo ni nani, na simu yake inapokelewa Jumapili? Nitaambiwa kabla ya kumeza au baada? Nani anapitia majibu ya damu kabla kundi halijapandishwa, na anayaona majibu ya siku ngapi? Mtafiti makini hayo yote anayo kwenye itifaki yake, yaani mpango rasmi wa utafiti, na atakuonyesha ukurasa. Akianza kukwambia usiwe na wasiwasi, chukua begi lako.

Uliza pia kama mnapewa dozi wote kwa mkupuo. Katika kundi la kwanza la kila ngazi mpya inatakiwa watangulie wawili, mmoja dawa na mwingine plasibo, wakae chini ya uangalizi angalau siku moja ndipo wengine wafuate. Mwaka 2006 London, watu sita walidungwa TGN1412, dawa ya majaribio ya kuamsha mfumo wa kinga, kwa kupishana dakika chache tu. Hapakuwa na muda wa kumtazama wa kwanza kabla ya kumdunga anayefuata. Wote sita walifikishwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Sasa upande wa VVU hasa. Watu hudhani kinga imara ni ngao dhidi ya madhara ya dawa. Nevirapine, dawa ya zamani ya VVU, ilionyesha kinyume. Hatari yake kwa ini ni kubwa zaidi kwa wanawake wenye CD4 (seli za kinga zinazohesabiwa kwenye damu) zaidi ya 250 na wanaume wenye zaidi ya 400, na mtu asiye na VVU kwa kawaida yuko juu ya hapo. Januari 2001 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitangaza visa 22 vya madhara makubwa kwa watu waliopewa nevirapine baada ya kuhofiwa wameambukizwa. Mhudumu mmoja wa afya ilibidi apandikizwe ini. Vipele vikitoka pamoja na homa, vidonda mdomoni au macho mekundu, piga simu saa hiyohiyo. Usisubiri siku ya kliniki. Uliza pia kama wanahesabu limfosaiti zako, chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi: mwishoni mwa 2021 majaribio ya islatravir, dawa mpya ya VVU, yalisimamishwa Marekani kwa sababu seli hizo zilikuwa zinapungua, hata kwa washiriki wasio na VVU.

Dawa ikiwa ni ya sindano ya muda mrefu, simama hapa usome mara mbili. Kidonge ukikiacha leo, mwili unaanza kukisafisha. Sindano ikishaingia haitolewi. Cabotegravir ya sindano, dawa ya VVU inayokaa mwilini muda mrefu, katika utafiti wa watu wasio na VVU, ilichukua takriban wiki 44 kwa wanaume na 67 kwa wanawake kabla nusu yao hawajafikia kiwango kisichoonekana tena kwenye damu. Muda wote huo dawa ipo lakini inapungua, na mtu akiambukizwa katika kipindi hicho kirusi kinaweza kujifunza usugu dhidi ya kundi zima la dawa, zile zilezile ambazo angezihitaji kujitibu. Tena kipimo cha kawaida kinaweza kuchelewa kuonyesha maambukizi, kwa kuwa dawa inakibana kirusi na kingamwili zinachelewa kupanda. Hivyo uliza: kabla ya sindano nitapewa vidonge vya kujaribu mwili? Mtanifuatilia mpaka lini? Mtatumia kipimo cha RNA, kinachosaka kirusi chenyewe? Nikihitaji PrEP baada ya hapo, nani atanipa?

Unachokunywa na kumeza, kitaje chote. Vitamini, mitishamba, dawa ya kiungulia, vya gym, vyote. Madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kupunguza asidi hunasa tumboni dawa za VVU za familia ya dolutegravir, damu ikaonyesha kiwango cha chini na watafiti wakadhani dozi ni ndogo. Dawa nyingi huingiliana na ritonavir, inayotumika kuongeza nguvu ya dawa nyingine za VVU. Efavirenz, dawa nyingine ya VVU, imewahi kusababisha wanawake wenye vipandikizi vya uzazi wa mpango kupata mimba, kwa kuwa hufanya ini liichome homoni haraka. Kama unatumia njia ya homoni, wakupe jibu kuhusu njia hiyohiyo yako, si maelezo ya jumla.

Paracetamol nayo ni dawa, tafadhali. Gramu 4 kwa siku, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye kasha, zikitumiwa siku 14 zilipandisha kimeng'enya cha ini ALT zaidi ya mara tatu ya kawaida kwa takriban theluthi moja au zaidi ya watu wenye afya. Ukimeza kimyakimya, dawa mpya itabeba lawama isiyo yake, au wewe utaondolewa. Mazoezi mazito ni hivyohivyo: msuli uliochoka humwaga vimeng'enya, vikaonekana kama ini linaumwa. Pumzika siku chache kabla ya vipimo.

Usirukie jaribio jingine kwa kuficha la kwanza. Dawa lazima ipungue kwa nusu, kisha nusu ya iliyobaki, mara tano hivi, ndipo ihesabike imetoka, na kwa baadhi hiyo ni miezi. Uliza jumla ya mililita za damu watakazochukua, ujumlishe na ulizotoa kwingine. Siku ya dozi peke yake mirija inaweza kupita kumi.

Malipo: uliza ukijitoa katikati unalipwa siku ulizohudhuria au hulipwi kabisa. Fidia ya kuumia: iwe kwenye karatasi, ikitaja nani anagharamia matibabu na kwa muda gani. Chukua nakala ya fomu. Beba kadi yenye namba ya simu ya saa 24 na jina la utafiti, umwachie mtu mmoja unayeishi naye nakala yake, kwa sababu ukizimia wewe hutakuwa wa kueleza. Kujitoa ni haki yako wakati wowote, ila ukijitoa rudi kwa kile kipimo cha mwisho cha usalama. Siku za dozi usiendeshe chombo cha moto, usinywe pombe, usimeze chochote kipya bila kupiga simu, hata kama ni cha mafua tu.