Umevumbua kazini? Hakikisha jina lako limo kwenye hataza

Kazi yangu ni kuandaa maombi ya hataza, yaani hati ya kisheria inayolinda uvumbuzi usitumiwe na wengine bila ruhusa. Kila mara hunijia mtafiti aliyekuta jina la mkubwa wake limo na lake halimo. Kwanza tutenganishe mambo mawili. Umiliki wa hataza mara nyingi huenda kwa mwajiri. Kutajwa kuwa mvumbuzi ni haki yako, na Mkataba wa Paris (ule wa kimataifa wa kulinda mali ya viwandani, si wa tabianchi) unaitambua kwenye kifungu cha 4ter.

Hatua ya 1: Soma mkataba wako wa kazi, hasa vitenzi. "Nakubali kuhamisha haki" si sawa na "ninahamisha haki sasa": ya kwanza ni ahadi, ya pili huhamisha papo hapo. Katika kesi ya Chuo Kikuu cha Stanford dhidi ya kampuni ya Roche, iliyofika mwisho Marekani mwaka 2011, mtafiti alikuwa ameahidi chuo kwa maneno ya kwanza. Baadaye akaenda kujifunza mbinu kwenye maabara ya kampuni, akasaini karatasi ya wageni yenye maneno ya pili. Chuo kikashindwa. Kwa hiyo hata karatasi ya mlangoni, isome.

Hatua ya 2: Andika daftari la maabara. Hapa ndipo watu huzembea. "Leo tumejaribu gundi, imekubali" haitakusaidia. Andika hivi:

"Tarehe 4 Machi. Nimependekeza tupashe gundi hadi nyuzi 60 kabla ya kutia kigumishaji, maana mapovu ndiyo yanayopasua kiungo. Sampuli 3 zimejaribiwa, hakuna iliyopasuka."

Weka saini, kisha asaini shahidi aliyeelewa kazi lakini si mvumbuzi mwenzako. Maneno hayo yanaonyesha nani alileta wazo na kwa nini, na hilo ndilo huulizwa. Aliyepasha gundi kwa maelekezo yako si mvumbuzi. Mkuu wa idara aliyetafuta fedha naye si mvumbuzi (kumweleza hivyo ni shughuli nyingine).

Hatua ya 3: Mpe mwajiri taarifa ya maandishi kabla ya kuchapisha makala au kupanda jukwaani kwenye kongamano. Ukitangaza kwanza, katika nchi nyingi uvumbuzi huhesabiwa si mpya tena. Omba uthibitisho wa tarehe ya kupokelewa. Ujerumani, mwajiri akikaa miezi 4 bila kuuachia uvumbuzi, sheria huhesabu kwamba ameuchukua, na malipo anadaiwa.

Hatua ya 4: Pitia rasimu ya ombi la hataza dai kwa dai (dai ni sentensi inayotaja hasa kile kinacholindwa). Pembeni mwa kila dai andika wazo lilitoka kwa nani. Madai yakipunguzwa au kubadilishwa baadaye, rudia, kwa sababu orodha ya wavumbuzi nayo inaweza kubadilika. Jina lako likikosekana, andika barua siku hiyohiyo. Usingoje hataza itoke.

Hatua ya 5: Fuatilia malipo. Sheria za nchi hazifanani hapa. Kwa diodi inayotoa mwanga wa buluu, mtafiti wa Japani Shuji Nakamura alipewa na mwajiri wake yeni 20,000. Aliposhtaki, maafikiano ya mwaka 2005 yalifika takriban yeni milioni 840. Ukihama kazi, usibebe daftari la mwajiri. Ondoka na nakala za mikataba uliyosaini, namba za maombi na za hataza zenye jina lako. Malipo huweza kuchelewa sana: mtafiti Ian Shanks wa Uingereza alivumbua akiwa kazini mwaka 1982. Mahakama ya Juu ya huko ilimpa pauni milioni 2 mwaka 2019.