Somo: Kukariri maneno ya loji ya Freemason hadi yatoke bila karatasi

Ndugu zangu, wiki hii vijana wawili, mmoja wa Mbeya na mwingine wa Iringa, wameniuliza jambo lilelile. Wamepewa kitabu kidogo cha sherehe za loji, yaani kikundi chetu cha Freemason, zamu yao ya kuyasema inakaribia, na kila wakikifunga kichwa kinabaki kitupu. Mimi nimepita hapohapo, kwa hiyo naeleza nilivyofanya. Siri za loji hazimo humu. Aliyekuja kuzitafuta apite tu.

Hatua ya kwanza: elewa kwa Kiswahili. Maneno yetu ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha mababu ambacho hata ofisini hukikuti. Ukikikariri kama kasuku, neno moja likidondoka yote yanaondoka nalo. Chukua aya moja, funga kitabu, ieleze kwa Kiswahili chako cha nyumbani. Mfano ni zana za daraja la kwanza, ngazi ya anayeingia: rula ya inchi 24, nyundo na tindo. Rula ni saa 24 za siku: sehemu ya sala, sehemu ya kazi na mapumziko, sehemu ya kumsaidia rafiki au ndugu mwenye shida. Nyundo ni nguvu ya dhamiri, tindo ni elimu. Sasa fikiria fundi mawe. Anapima, anagonga kilichozidi, ndipo anachonga na kulainisha. Ukimwona fundi huyo, hutakosea nini kinafuata nini.

Hatua ya pili: mdomo, si macho. Kusoma kimya ni kujidanganya. London kuna loji ya mazoezi iitwayo Emulation, iliyoanza 1823, na kitabu rasmi kilichoidhinishwa na kamati yake hakikutoka hadi 1969. Miaka yote hiyo watu walijifunza kwa kusikia na kurudia, kama sisi tulivyojifunza nyimbo za kanisani kabla hatujajua kusoma. Hadi leo anayeongoza sherehe nzima pale bila kusahihishwa hupewa kiboksi cha kiberiti cha fedha. Mimi sijakipata wala sitakipata. Hufanya zoezi alfajiri nikitembea, na baridi ya Julai ya hapa Mbeya inasaidia: huwezi kusinzia.

Hatua ya tatu: itundike barabarani. Hii ndiyo iliyoniokoa. Loji ninayohudhuria iko Dar es Salaam, na njia ya basi naijua kama kiganja changu. Basi kila aya niliipa kituo. Nikianza niko Uyole. Aya ya pili Chimala, ya tatu Igawa, kisha Makambako kwenye upepo, Mafinga kwenye mbao, halafu Ipogolo. Ile aya ndefu yenye sentensi isiyokwisha niliiweka Kitonga, kwa sababu pale dereva hushuka kwa gia ndogo, nami nikifika hapo ulimi unapunguza mwendo wenyewe. Nikisimama mbele ya ndugu sitafuti maneno, nachungulia dirishani. Tumia njia unayoijua wewe, hata kama ni ya kutoka nyumbani hadi sokoni Mwanjelwa. Ila usiruke kituo hata siku ya mazoezi.

Hatua ya nne: kubalianeni nani atakukumbusha. Mara yangu ya kwanza nilikatika kwenye maelezo ya rula, baada ya ile sehemu ya sala. Kimya. Wazee watatu wakanirushia neno kwa pamoja, kila mmoja lake, na nikapoteza hata lile nililokuwa nalo. Tangu siku hiyo, kabla ya kuanza namwendea mtu mmoja na kumwambia: nikitulia nikiangalia mbele, navuta pumzi, niache, nikikugeukia, nipe neno moja tu. Na usiongee na wazee wanaokuhukumu. Ongea na yule anayeingia leo, maana hayo maneno ni yake, na hatayasikia tena kwa mara ya kwanza.

Hotuba ya mezani. Baada ya sherehe kuna chakula, na hapo huna kitabu. Dakika tatu zinatosha. Tumezoea kusema "itifaki imezingatiwa" tukakaa salama. Mezani kwetu haikubaliki, vyeo vinatajwa kwa mpangilio, kwa hiyo viandike kiganjani ikibidi. Siasa na dini usiviguse. Shukuru, simulia kisa kimoja, inua glasi, hata ya soda, kaa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo kaka. Mimi Mnyakyusa, "r" yangu inageuka "l". Watanicheka?*

Marahaba mdogo wangu. Atakayecheka hajui adabu ya loji. Wanaosikika vibaya ni wanaokimbia. Tamka polepole, malizia kila neno, usiige lafudhi ya Mwingereza.

*Naweza kujirekodi kwenye simu nikasikiliza kwenye basi?*

Muulize Masta, kiongozi wa loji yako, kwanza. Mimi hurekodi maelezo ya zana tu. Yanayohusu ishara na maneno ya kutambuana hayaingii kwenye simu kabisa; simu hupotea stendi.

*Mke wangu ananisikia nikinong'ona usiku. Majirani wameanza kusema nimejiunga ili nitajirike.*

Pole. Yale matangazo ya "jiunge Freemason upate utajiri" yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme ni utapeli mtupu, na watu wameliwa pesa zao. Sisi tunalipa ada, hatulipwi. Acha kunong'ona, maana mnong'ono ndio unaotisha. Mimi mke wangu nilimweleza habari ya rula, nikamwomba awe ananisikiliza. Sasa nikisahau sehemu ya tatu, ile ya kumsaidia ndugu, ananikumbusha akiwa jikoni, na huongeza kwamba mkaa umeisha.