SOMO: 4,294,967,297 siyo namba tasa, hakikisha mwenyewe kwa kalamu

Wakuu, naandika mara moja ili nisiulizwe tena. Wanafunzi wa tuisheni hapa Mabatini wakipewa namba hii, jioni wazazi wananipigia: "Mwalimu, ni tasa au siyo?" Siyo: namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa; mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Kalkuleta za dukani za tarakimu nane haziiwezi, ina tarakimu kumi. Shika kalamu.

1. Namba yenyewe ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1.

2. 2 kwa kipeo cha 8 ni 256.

3. 256 × 256 = 65,536. Hapo uko kipeo cha 16.

4. Gawanya kwa 641: inaingia mara 102, baki 154.

5. Hapa taratibu. Achana na 65,536, shika 154 peke yake. Kutoka kipeo cha 16 kwenda cha 32 namba inazidishwa kwa yenyewe, basi na baki lizidishe kwa lenyewe: 154 × 154 = 23,716. USIANDIKE 308! Kilichoongezeka mara mbili ni kipeo, siyo namba. Wa 308 huishia na baki 309, kisha anatangaza kwamba Euler kakosea. Na usizidishe 65,536 yote eti kwa uhakika zaidi. Utajaza karatasi tarakimu na baki litakuwa lilelile. Sasa 641 inaingia kwenye 23,716 mara 36, baki 640.

6. Rudisha ile 1: 640 + 1 = 641, yaani baki sifuri. Kigawo cha pili ni 6,700,417.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Mkuu, mimi napata baki 309. Hii ni tasa.
— Hatua ya 5.

Mdau wa Igoma: Nimeisoma.
— Isome tena, safari hii na kalamu mkononi.

Muuza dagaa, Mwaloni: Kalkuleta yangu imeandika E. Imekufa?
— Nzima kabisa dada, tarakimu zimeizidi. Futa, endelea kupiga hesabu za magunia.

Binti wa Nyegezi: Shikamoo mwalimu. Euler aliifikiaje 641? Alijaribu zote?
— Marahaba. Swali hili nililisubiri. Alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibaki 1. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu! Baadaye mwanahisabati Lucas akabana zaidi, 128 badala ya 64, zikabaki 257 na 641. Ya 257 inakupa baki 2.

Fundi simu, Makoroboi: Ukitoa 2 unapata 4,294,967,295. Hiyo sisi tunaijua, kikomo cha biti 32, yaani namba kubwa kuliko zote inayoandikika kwa 0 na 1 thelathini na mbili.
— Safi sana fundi. Na ni sawasawa na 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, tasa zote za Fermat (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, jumlisha 1) zinazojulikana hadi leo.

Binti wa Nyegezi: Na 6,700,417 ni tasa?
— Ndiyo. Chujio ni lilelile la 128, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Jaribu 257, 641, 769, 1,153 na 1,409, basi.

Binti wa Nyegezi: 641 imebakiza 44.
— Sawa kabisa. Nenda 769.