Namna ya kufuatilia timu iliyojaa majeruhi

Msimu wa 2025 Atlanta Braves, timu ya besiboli ya huku Marekani, walianza kwa kupoteza mechi saba mfululizo. Nne San Diego, tatu Los Angeles, na hiyo ya saba walikuwa mbele 5-0 mpaka mambo yakawaharibikia, Shohei Ohtani wa Los Angeles akaimaliza kwa kuupiga mpira hadi nje ya uwanja. Huku Georgia usiku ulikuwa mkubwa. Nilikuwa zamu, nimekaa kando ya kitanda cha mzee ninayemhudumia. Mimi humwita Babu. Alizima televisheni, akaniomba maji, hakusema neno mpaka asubuhi.

Babu anaishabikia timu hii tangu ilipohama Milwaukee kuja Atlanta mwaka 1966. Mimi nilitoka Tanga nikiijua Coastal Union tu, besiboli amenifundisha yeye. Msimu ule wa 2025 alinifundisha na jambo jingine, namna ya kuufuata msimu ambao wachezaji wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Ndilo ninalokuandikia, kwa sababu najua Waswahili wengi huku wanaoipenda timu na wanaumia peke yao.

Anza na daftari. La kawaida, la mistari. Kila mchezaji aliyeumia mpe ukurasa wake. Juu andika jina, siku aliyoumia na kiungo kilichoumia. Chini yake acha nafasi ya hatua. Tarehe ya kurudi usiiandike kamwe, hata ukiisikia kwa mtangazaji. Mimi mwanzoni niliziandika, na kila tarehe iliyopita bila mtu kurudi ilikuwa kama kufungwa mechi nyingine.

Halafu ielewe orodha yenyewe ya majeruhi, maana wengi tunaisoma vibaya. Mpigaji huwekwa kwa siku 10, mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, kwa siku 15. Hizo ni siku za chini kabisa anazolazimika kukaa nje, hakuna aliyeahidi kwamba atarudi zikiisha. Ipo pia orodha ya siku 60. Mchezaji akihamishiwa huko moyo hushtuka, lakini mara nyingi klabu inatafuta nafasi tu: aliye kwenye siku 60 hahesabiwi tena kati ya wachezaji 40 wa klabu, kwa hiyo wanaweza kumsajili mwingine. Na siku alizokwisha kukaa nje zinahesabiwa, haanzi upya. Mwaka ule warushaji wote watano walioanza msimu, Chris Sale, Reynaldo López, Spencer Schwellenbach, Grant Holmes na AJ Smith-Shawver, waliishia kwenye orodha hiyo. Watano wote! López alianza mechi moja tu.

Sasa vijue viungo. Ukisikia ligamenti (inayoshikanisha mifupa) ya kiwiko cha mrushaji, weka kalamu chini na uvute pumzi. Upasuaji wake unaitwa Tommy John, jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa na daktari Frank Jobe mwaka 1974: wanachukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuifunga kwenye kiwiko. Hapo ni mwaka na zaidi. Ndio uliomkuta Smith-Shawver. Spencer Strider, mrushaji wetu mwingine, yeye kiwiko chake kilitengenezwa Aprili 2024 kwa njia nyingine, ya kukiimarisha kwa utepe maalumu, akarudi Aprili 16, 2025. Goti pia ni mwaka. Ronald Acuña Jr., mpigaji wetu, alichanika ligamenti ya goti la kushoto Mei 26, 2024, na la kulia alikwisha kulichana mwaka 2021. Alirudi Mei 23, 2025, na mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa aliupeleka majukwaani. Babu alilia. Mechi tulipoteza 2-1, lakini usiku ule hatukuihesabu.

Misuli ya nyuma ya paja ndiyo nisiyoiamini hata kidogo. Strider alikaa nje mwaka mzima, akarudi kwa mechi moja, siku chache baadaye akaumia paja akirushiana mpira tu na mwenzake. Karibu mwezi mwingine ukaenda. Ndiyo maana nasema hesabu hatua. Kwa mrushaji zinakwenda hivi: anarusha akiwa amesimama ardhi tambarare, umbali unaongezwa, anapanda kwenye kilima cha kurushia, anarushia wapigaji wa mazoezini, kisha anatumwa timu ndogo. Ukisoma habari jiulize kapanda ngazi gani. "Anaendelea vizuri" usiiandike, haina ngazi. "Leo karusha kutoka kilimani" iandike. Na akirudishwa ngazi moja chini, iandike pia bila kuificha.

Hatua ya timu ndogo ina utamu wake. Gwinnett, inakocheza timu ndogo ya Braves, si mbali na Atlanta, tiketi ni nafuu, unakaa karibu mpaka unasikia mpira unavyotua kwenye glovu ya mdakaji. Ila usibebwe na matokeo ya huko. Kabla ya kurudi, Strider aliwatoa wapigaji 13 kwa straiki, yaani kwa mipira waliyoshindwa kuipiga, katika mechi moja akiwa na Gwinnett, tukajua mambo yameiva. Huku juu mpira wake ulikuwa umepungua kasi kuliko ule wa 2023 alipopata ushindi mara 20, na wapigaji wa huku hawasamehe. Andika kasi ya mpira, usiandike sifa. Ukitaka kwenda Truist Park kwenyewe, uwanja wa Braves, kumbuka treni za mji, MARTA, hazifiki. Tazama saa ya basi la mwisho kabla ya kukata tiketi, kwa sababu besiboli haina kipenga cha dakika ya tisini.

Ukurasa wa Sale naujua kwa moyo. Juni 18, dhidi ya New York Mets, iningi ya tisa, yaani kipindi cha mwisho, tuko mbele 5-0. Juan Soto akapiga mpira wa chini. Sale, mtu wa miaka 36, mrefu kama mnazi, akajirusha kifudifudi, akaudaka na kumtoa. Mimi nilipiga makofi, Babu akapiga mkono wa kitanda. Siku chache baadaye tukasikia ubavu umevunjika. Niliandika: "Sale. Juni 18. Mbavu, kushoto." Babu akaniambia niongeze "kwa kujirusha, tukiongoza 5-0". Nilimuuliza kwa nini. Akasema mtu akiumia kwa kujitolea, daftari liseme. Tangu hapo kila ukurasa una mstari huo wa jinsi alivyoumia, nawe uuweke. Sale alirudi mwisho wa Agosti.

Nyuma ya daftari tenga kurasa za makosa, usiyachanganye na majeraha. Hapa nina uchungu wangu. Max Fried aliondoka kwenda Yankees kabla ya msimu, na mrushaji wa kiwango chake hakuletwa. Jurickson Profar alisajiliwa kwa miaka mitatu, na baada ya mechi nne akafungiwa mechi 80 kwa dawa zilizokatazwa. Hilo si jeraha. Timu ilimaliza na ushindi 76 na vipigo 86, ya nne katika kundi lake, nje ya mchujo kwa mara ya kwanza tangu 2017. Mtu akikuambia sababu ni majeruhi peke yake, mfungulie kurasa za nyuma.

Na wape wazima ukurasa wao. Matt Olson alicheza mechi zote 162, na sisi tulikuwa tunamtazama kama mlango wa nyumba, upo tu. Drake Baldwin alipata nafasi ya kuanza kwa sababu mdakaji Sean Murphy alivunjika ubavu kabla ya msimu, na mwisho wa mwaka akawa mchezaji chipukizi bora wa ligi ya Taifa (National League), ligi ambamo Braves wanacheza. Hurston Waldrep aliitwa Agosti, warushaji wakiwa wamekwisha, akashinda na kushinda tena. Kama ningekuwa nahesabu tarehe za Sale tu, huyo kijana ningempita.

Kurasa mbili hatukuzifunga, ya Smith-Shawver na ya Schwellenbach. Nimezikunja pembe. Daftari liko kwenye droo ya Babu, pamoja na miwani yake, na kalamu nimeiacha ndani.