Kula Rameni Japani: Mwongozo kwa Msafiri wa Mombasa

Msafiri anayetoka Mombasa akafika Tokyo na kutamani bakuli la rameni, yaani tambi za ngano ndani ya mchuzi wa moto, atambue kwanza kwamba mkahawa unaopendwa huwa na foleni mlangoni. Katika mikahawa mingi chakula hulipiwa kabla ya kuketi: karibu na mlango pana mashine yenye vitufe, unatia pesa, unabonyeza, na kinatoka kitikiti unachomkabidhi mhudumu. Beba noti za yeni 1,000, kwa kuwa mashine nyingi za zamani hazipokei noti kubwa.

Kwa Mwislamu, hapa ndipo pa kuwa makini. Mchuzi mzito mweupe uitwao tonkotsu hupatikana kwa kuchemsha mifupa ya nguruwe kwa saa nyingi, na hata ule wa shoyu (sosi ya soya) au miso (rojo la soya iliyochachushwa), ambao jina lake halitaji nyama, mara nyingi huchanganywa na supu ya nguruwe na kupambwa kwa vipande vya chashu, ambavyo kwa kawaida navyo ni nguruwe. Kuomba viondolewe hakutoshi, kwani mchuzi ni ule ule. Tafuta mkahawa wa halali, na katika mtaa wa Asakusa ipo.

Bakuli likifika, kula papo hapo, kwa maana tambi hulainika upesi. Kuzivuta kwa sauti, jambo ambalo mama zetu wa Mji wa Kale wangelikemea, huko si utovu wa adabu. Ukimaliza usikae kupiga soga kama uko barazani, kwani wenzako wanangoja nje. Bakshishi haitolewi, sema “gochisosama deshita”, yaani asante kwa chakula, kisha uondoke.