Dereva wa Malaba ukifika Marekani: jinsi ya kuhesabu saa zako

Kila nikirudi Malaba likizo, vijana wa trela wananiuliza mshahara. Kuhusu saa za kazi haniulizi mtu, na ndizo zilizonitoa jasho mwaka wangu wa kwanza kule. Huku tumezoea: usingizi unaupata kwenye foleni ya mpakani, ukivuka unatafuna mairungi (miraa), bosi anapiga simu "umefika wapi?", na kituo cha malori cha Naluwerere unakipita usiku wa manane bila kusimama. (Mairungi yenyewe yaache Entebbe. Marekani ni haramu.)

Hesabu iko hivi. Nitaandika "masaa" kwa muda, walimu wa Kiswahili wanisamehe, maana nikisema "saa 11" utadhani ni jioni.

Ukishapumzika masaa 10 mfululizo, siku mpya inaanza. Tangu unapoingia kazini, hata kama unakagua matairi tu, una masaa 14. Ndani ya hayo unaruhusiwa kuendesha 11. Yale 14 yakiisha hugusi usukani, hata kama uliendesha 6 tu. Ukitimiza masaa 8 ya kuendesha bila kusimama kwa nusu saa mfululizo, usiendelee mpaka uipate hiyo nusu saa. Kujaza mafuta nako kunahesabika kwenye hiyo nusu saa, mradi huendeshi. Kisha kuna hesabu ya jumla: masaa 60 kwa siku 7, au 70 kwa siku 8, kutegemea kampuni. Ukipumzika 34 mfululizo, inaanza upya.

Mwenye kuhesabu ni kifaa kilichounganishwa na injini, ELD, ambacho malori mengi yanalazimika kuwa nacho tangu Desemba 2017. Hakijui kujadiliana.

Mimi kilinishika hivi. Nilianza saa 12 asubuhi, saa 1 na nusu nikawa ghalani. Wakaniambia subiri. Nikavua viatu, nikaanika soksi kwenye usukani, nikalala kitandani nyuma ya kiti mpaka saa 7 na nusu mchana. Foleni ya Malaba kabisa! Saa 2 na dakika 40 usiku nikasimamishwa. Nikamwambia afisa kwamba nililala masaa 6 na bado nina zaidi ya masaa 2 ya kuendesha. Akanigeuzia skrini: asubuhi nzima kifaa kilisema niko kazini bila kuendesha. Sikubonyeza "kitandani". Masaa 14 yalikwisha saa 2 kamili. Lori likalala palepale masaa 10.

Ningebonyeza, mambo yangekuwa mengine. Mapumziko yanaweza kugawanywa vipande viwili: kimoja kisipungue masaa 7 kitandani, kingine kisipungue 2 (yale 6 yangu yangeingia hapa), jumla isipungue 10. Ukivikamilisha vyote viwili, hakuna kinacholiwa kwenye yale 14. Kwa hiyo kila ukiegesha, kabla ya kuvua viatu, angalia kifaa kinasemaje.

Dispacha, yule wa ofisini anayepanga safari, akikusukuma uendelee wakati saa zimekwisha, mjibu kwa ujumbe wa maandishi, si kwa simu, na uutunze. Sheria inakataza kampuni kumlazimisha dereva kuvunja saa, lakini bila maandishi utathibitisha nini?

Walioko Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya wana hesabu yao: kuendesha masaa 9 kwa siku, 10 mara mbili tu kwa wiki, dakika 45 za kupumzika kila baada ya masaa 4 na nusu, na takografu, kifaa chao cha ndani ya lori, inarekodi yote.

Na wewe uliyetuma pesa shemeji akanunuliwa lori Tororo, sheria ya ajira ya Uganda ya 2006 nayo inasema masaa 48 kwa wiki. Ukimpigia saa 8 usiku kumuuliza amefika wapi, anaipokea hiyo simu akiwa kwenye usukani.