Mlango wa nakshi kwenda Ulaya: namna ya kuifikia alama ya CE

Mnunuzi wa Ulaya akikuagizia mlango wa kuchonga, usishike patasi bado. Muulize kwanza: mlango huu utafungwa nje au ndani? Mimi nilichelewa kuuliza. Milango sita ya msaji iliyotoka karakana yetu ya Mji Mkongwe ilikaa miezi minne kwenye ghala la mnunuzi, kwa kuwa hapakuwa na karatasi iliyoeleza uwezo wake. Iliniuma, maana wachongaji walikuwa wameifanyia kazi kwa moyo.

Hatua ya 1: Jua kama alama inakuhusu. Mlango wa nje unaingia kwenye kiwango cha Ulaya cha EN 14351-1, nacho kinadai CE, alama ya Umoja wa Ulaya inayowekwa kwenye bidhaa. Mlango wa ndani wa kawaida haumo, na kuubandika CE ni kosa. Watu wengi hudhani alama hii ni sifa ya ubora ambayo kila mtu anaweza kujipa. Sivyo. Kwa vifaa vya ujenzi inasema tu kwamba mtengenezaji ametangaza utendaji wa bidhaa yake na anawajibika kwa alichotangaza.

Kuna msamaha ambao mafundi wetu wanapaswa kuujua. Sheria ya Ulaya namba 305 ya 2011 inakuondolea tamko hilo ukiwa umetengeneza mlango mmoja kwa agizo maalumu, kwa jengo moja linalojulikana, nawe ukawajibika kuufunga salama. Inakuondolea pia kwa kazi ya jadi, isiyo ya kiwandani, inayokwenda kukarabati jengo lililohifadhiwa rasmi. Mwombe mnunuzi akuthibitishie kwa maandishi. Tangu Januari 2026 sheria mpya, namba 3110 ya 2024, imeanza kutumika, lakini bidhaa zinahamia huko kidogo kidogo, kadiri viwango vyake vinavyofanywa upya.

Hatua ya 2: Peleka sampuli maabara. Kwa mlango wa nje wa kawaida, kipimo hufanywa na maabara iliyosajiliwa Umoja wa Ulaya. Ukiwa wa kuzuia moto au wa njia ya kuokolea watu, masharti ni makali zaidi. Wanapima maji kupenya, nguvu ya upepo, hewa kupita na joto kupotea. Hapa ndipo mlango wetu wa mabamba mawili unapopata tabu: ule mwanya kwenye mfaa (mti wa katikati mabamba yanapokutana), ambao kwetu hupitisha hewa ya bahari, kwao ni uvujaji. Kausha mbao vizuri, weka mpira wa kuziba pembezoni na kwenye kizingiti, halafu ndiyo upeleke. Sampuli ifanane kabisa na utakayouza, pamoja na njumu zake, kwa sababu matokeo ni ya aina ile tu. Ukibadilisha fremu, umebadilisha mlango.

Hatua ya 3: Weka daftari la karakana. Andika mbao ilikotoka, ukavu wake, aliyekagua na tarehe. Bila daftari huwezi kuonyesha kwamba mlango wa kumi ni sawa na wa kwanza.

Hatua ya 4: Andika tamko la utendaji, kisha bandika alama. Tamko lina jina na anwani yako, msimbo wa aina ya mlango, kiwango na matokeo. Lihifadhi miaka 10, na litolewe kwa lugha inayotakiwa na nchi inakouzwa. Herufi za CE zisipungue milimita 5 kwa urefu, zionekane na zisifutike. Muagizaji huko naye huweka jina lake. Akitaka kuuza kwa jina lake pekee, basi yeye ndiye anayehesabiwa mtengenezaji. Hilo liwemo kwenye mkataba kabla kontena halijafungwa.

Hatua ya 5: Usiichukulie CE kuwa ufunguo wa kila soko. Uingereza ina alama yake, UKCA, tangu 2021, ila kwa vifaa vya ujenzi bado inaipokea CE. Kwetu Zanzibar ni ZBS, taasisi ya viwango iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na Bara ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ukipeleka Mombasa au Dar es Salaam, alama ya ZBS ndiyo yenye maana, kwa kuwa Sheria ya Viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2006 inazitaka nchi wanachama zitambuane alama za ubora. CE pale haikusaidii. Nenda ofisi za ZBS na picha ya mlango na jina la mji unakopeleka, kabla hujanunua hata ubao mmoja.